Mwanamazingaombwe Anauza Nini?

Anayeishi kwa mazingaombwe, awe anaonyesha kwenye hoteli za kitalii Zanzibar, kwenye sherehe za watoto Nairobi au kwenye kumbi kubwa za Las Vegas, hulinda siri kuliko kitu kingine chochote. Huitolea fedha akiinunua, huificha hata kwa wenzake, na hukasirika ikianikwa. Vyama vya kazi hiyo vimejengwa juu ya sharti hilohilo: Magic Circle ya London, iliyoanzishwa mwaka 1905, inaweza kumfukuza mwanachama anayefichua mbinu kwa umma. Lakini ukiifuata historia ya kazi hii na kuuliza ni nani waliodumu na nani waliopotea, siri haitoi jibu. Wapo waliojua siri nyingi wakafa maskini, na wapo waliofichua siri zao wenyewe wakaendelea kujaza kumbi. Hoja ya makala haya ni kwamba siri ndiyo mtaji mdogo kuliko yote alionao mwanamazingaombwe. Watu humlipa kwa sura yake jukwaani, kwa uhakika anaompa mteja, na kwa uwezo wake wa kuhama pale soko linapohama. Ushauri usioanzia hapo humwelekeza kijana dukani kununua vifaa, na baada ya mwaka ana sanduku limejaa na shajara haina kazi.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu, The Discoverie of Witchcraft, kupinga mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi. Ndani yake alieleza jinsi michezo ya mikono inavyofanywa, ili wasomaji wajue kwamba kupoteza mpira au sarafu hakuhitaji shetani. Michezo ya namna hiyo imo kwenye maandishi yaliyo wazi kwa zaidi ya miaka 400, na bado inawaajiri watu. Mwaka 1876 Professor Hoffmann, jina la kisanii la mwanasheria Angelo Lewis, alitoa kitabu kikubwa kilichoeleza mbinu za jukwaa za wakati wake. Wapo walioona kwamba kazi imekwisha, lakini miongo iliyofuata ndiyo ikawa kilele cha maonyesho makubwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1997 televisheni ya Fox ilianza kurusha vipindi vya mtu aliyevaa barakoa akifichua michezo mashuhuri, na baada ya hapo David Copperfield aliendelea kujaza ukumbi wake Las Vegas kwa zaidi ya miaka 20. Penn na Teller wamekwenda mbali zaidi: hufanya mchezo wa vikombe na mipira kwa vikombe vya plastiki angavu, mtazamaji akiona kila kinachotendeka, na bado anashangaa kwa sababu mikono yao inamshinda kasi. Mapishi ya pilau hayafichwi na mtu, lakini kila mtaa una mpishi mmoja anayegombewa na wenye shughuli.

Mtu anaweza kupinga kwamba bila siri hakuna mshangao, na bila mshangao hakuna onyesho. Ni kweli, ila kinachofanya onyesho liwezekane si lazima kiwe ndicho kinachouzwa. Umeme ni wa lazima kwenye studio ya muziki, lakini hakuna anayenunua wimbo kwa ajili ya umeme. Mtazamaji anapaswa asijue mbinu katika dakika ile. Akishaijua kesho yake kwenye simu, atakachokumbuka ni namna alivyochekeshwa, alivyotishwa au alivyoheshimiwa. Zaidi ya hayo, siri ya kununua si ya mnunuzi peke yake. Kifaa kilichoagizwa kwa mtandao kutoka Marekani au China kimeuzwa kwa maelfu ya wengine wiki hiyohiyo, na maelezo yake yamo kwenye video za bure. Anayejenga jina lake juu ya kifaa hicho anamtegemea muuzaji asiyemjua, na sifa yake hudumu hadi jirani yake anunue kilekile. Siri ilindwe kama adabu ya kazi na kama heshima kwa mtazamaji, lakini isihesabiwe kuwa mali.

Mali ya kweli ni umbo la msanii mwenyewe. Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa wa Kifaransa aliyefungua ukumbi wake Paris mwaka 1845, hakuvaa majoho ya kichawi. Alisimama mbele ya watu akiwa na suti ya jioni kama wageni wake. Mbinu zake nyingine zilikuwa za zamani, ila mtu aliyezionyesha alikuwa mpya: muungwana aliyeelimika, sebuleni kwake, anayecheza na akili za wenzake. Karne iliyofuata, Cardini alizunguka kumbi za Marekani na Uingereza kwa miongo akiwa na onyesho lilelile fupi la mlevi mstaarabu anayeshangaa karata na sigara zikimtokea mikononi bila yeye kutaka. Tommy Cooper wa Uingereza alipata umaarufu mkubwa kwa michezo iliyomharibikia mbele ya watu, ingawa wenzake walijua kwamba ana ufundi. Hakuna siri ambayo mtu angeweza kumwibia Cooper ikamsaidia, kwa sababu kilichouzwa kilikuwa Cooper mwenyewe. Kinachotakiwa kwa anayeanza ni kujiuliza yeye ni nani anapokuwa jukwaani kabla ya kuuliza afanye nini. Je, ni mwalimu mcheshi, tapeli anayejifichua, mzee wa hadithi za pwani, au fundi mkimya asiyesema neno? Akishajibu, michezo mingi aliyonayo itaonekana haimfai, na hiyo ni faida.

Kuchuja huko ndiko kulikomtoa Harry Houdini kwenye umaskini. Hadi mwaka 1899 alikuwa akifanya kila kitu, kuanzia karata hadi kujifungua pingu, kwenye kumbi za bia na makumbusho ya bei rahisi. Mwaka huo mwandaaji wa maonyesho Martin Beck alimwona mjini St. Paul, Minnesota, akamshauri aache mengine na kushikilia kujifungua, kisha akampa kazi ya kuanzia kwa dola 60 kwa wiki. Mwaka uliofuata Houdini alikuwa London, na pingu zikawa jina lake. Beck hakumfundisha mbinu yoyote, alimwondolea tu. Wengi hawapendi ushauri huu kwa sababu michezo waliyoihangaikia ni kama watoto wao, na wanahofia kwamba uchache utawanyima kazi. Lakini mteja hamkumbuki mtu anayeweza kila kitu. Humkumbuka anayeweza kuelezwa kwa sentensi moja kwa shemeji yake.

Umbo la msanii jukwaani lina faida nyingine ambayo siri haina: sheria inalitambua. Horace Goldin alipata hataza Marekani mwaka 1923 kwa mbinu yake ya kumkata mwanamke kwa msumeno. Hataza humtaka mwenye nayo aeleze wazi kifaa kinavyofanya kazi, kwa hiyo kinga aliyoipata ndiyo iliyoanika siri yake. Kampuni ya sigara ilipoufichua mchezo huo kwenye tangazo la miaka ya 1930, Goldin alishtaki, na mwaka 1938 akashindwa kwa kuwa maelezo yalikwishakuwa hadharani kwa mkono wake mwenyewe. Houdini alichagua njia nyingine. Mwaka 1911 aliuonyesha mchezo wake wa kujitoa kwenye tangi la maji huko Southampton mbele ya mtazamaji mmoja, ukiwa umeandikwa kama tamthilia fupi, ili apate hakimiliki ya igizo. Mwaka 1983 Teller alifanya kama yeye, akasajili mchezo wake wa kivuli cha waridi kama igizo bubu: anakata kivuli ukutani kwa kisu, na majani ya ua halisi yanadondoka. Msanii mmoja wa Ulaya alipoonyesha mchezo unaofanana nao mtandaoni na kutaka kuuza mbinu kwa zaidi ya dola 3,000, mahakama ya Nevada iliamua mwaka 2014 kwamba hakimiliki ya Teller imevunjwa. Mbinu iliyotumika nyuma ya pazia haikuamua kesi. Kilicholindwa ni mpangilio wa matendo ambayo mtazamaji anayaona.

Kwa msomaji wa Tanzania jambo hili liko karibu kuliko anavyodhani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za maigizo na maigizo bubu, na inasema wazi kwamba wazo au mbinu tupu havilindwi. Mwanamazingaombwe aliyeandika maneno yake, akapanga hatua na miondoko, akarekodi onyesho zima kwa tarehe inayojulikana na kuisajili kazi hiyo COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ana kitu cha kusimamia mbele ya mwigaji. Mwenye sanduku la vifaa peke yake hana. Kuandika kuna faida hata pasipo kesi, kwa sababu onyesho lililoandikwa linaweza kurekebishwa sentensi kwa sentensi, ilhali la kubuni papo kwa papo hubaki na makosa yaleyale mwaka baada ya mwaka.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo wasemavyo wengi wanaoona aibu kujitangaza. Kwa bidhaa ya sokoni methali hiyo huenda ikafaa. Kwa sanaa inayopotea mara taa zinapozimwa, ushahidi unaipinga. Houdini aliingia kwenye vituo vya polisi vya miji aliyozuru na kuwataka askari wamfunge, akijua kwamba waandishi wa habari watafika. Goldin alituma magari ya wagonjwa yazunguke mjini kutangaza kwamba yako tayari kwa ajili ya msumeno. Mwaka 1997 David Blaine, kwenye kipindi chake cha kwanza cha televisheni, aliigeuza kamera iwatazame watu wa mtaani waliopiga kelele na kukimbia, na tangu hapo uso wa mtazamaji umekuwa tangazo bora kuliko mkono wa msanii. Video fupi ya bibi anayecheka kwa mshangao, aliyeridhia kurekodiwa, inamwambia mteja jambo ambalo bango lenye sungura na kofia haliwezi kumwambia: wageni wako watafurahi.

Hapa ndipo wasanii wengi hukosea kumtambua mteja. Anayeshangaa siye anayelipa. Kwenye harusi ya Dar es Salaam anayelipa ni kamati, yenye bajeti ya ukumbi, chakula, mapambo, mpiga picha na mshereheshaji, na yenye hofu moja kubwa: aibu. Kwa kamati hiyo mchezo mgumu si kitu. Inataka mtu anayefika kabla ya wageni, anayefuata dakika alizopewa na mshereheshaji, asiyemdhalilisha mama mkwe kwa kumwita jukwaani, na anayejua kwamba vipaza sauti vikizima lazima aendelee. Hoteli nayo inataka mtu anayejua kuondoka mezani wageni wanapotaka kula. Kampuni inayozindua bidhaa inataka jina la bidhaa likumbukwe kuliko karata. Anayewaelewa watu hawa watatu atapata kazi nyingi kuliko anayewashinda wenzake kwa wepesi wa vidole, na wao ndio watakaompeleka kwa wengine.

Uhakika huo ndio unaopangiwa bei. Wanaoanza husema bei ndogo hufungua mlango, na kwa maonyesho machache ya mwanzo hoja hiyo ina ukweli, mradi yawe ya kujifunza na yahesabiwe hivyo. Tatizo ni kwamba mteja aliyekuja kwa bei ndogo humpendekeza msanii kwa bei ileile, na soko zima linashuka naye. Hesabu si ngumu. Tuseme mtu anahitaji shilingi 800,000 kwa mwezi nyumbani, na nauli, vifaa, mavazi na vocha vinamgharimu 400,000. Akiwa na hakika ya maonyesho manne tu, kila moja linapaswa kumwingizia 300,000, hata kama lina dakika 20. Akilaumiwa kwamba dakika hizo ni chache, ajue mteja anahesabu muda wa jukwaani bila kuhesabu miezi ya mazoezi. Punguzo lisitolewe bure. Bei ikishuka, na muda au ukubwa wa onyesho ushuke, ili mteja aone alichopunguziwa. Na kabla ya siku yenyewe pawepo mkataba hata wa ukurasa mmoja: tarehe, saa, mahali pa kusimama, taa na sauti, malipo ya awali, salio lilipwe lini, nini kitatokea shughuli ikiahirishwa, na nani anaruhusiwa kurekodi.

Sehemu ya uhakika ni usalama, na hapa historia ina makaburi. Mwaka 1918 Chung Ling Soo, ambaye kwa kweli alikuwa Mmarekani William Robinson aliyejifanya Mchina, alipigwa risasi jukwaani London katika mchezo wa kudaka risasi alioufanya kwa miaka mingi, kwa sababu bunduki iliyotengenezwa kumlinda ilikuwa imechakaa. Mwaka 2018 Copperfield alikuwa mahakamani Las Vegas kwa madai ya mtalii aliyeumia akishiriki mchezo. Baraza la wazee wa mahakama halikumtaka alipe, lakini jinsi mchezo huo unavyofanyika ilielezwa mbele ya umma. Anayedharau ukaguzi wa vifaa, njia za kutokea na bima kwa kisa cha kulinda siri anaweza kupoteza vyote viwili, usalama na siri. Moto, visu na watoto waliopandishwa jukwaani huhitaji mazoezi ya pekee na msaidizi mwenye mamlaka ya kusimamisha onyesho.

Hata aliyekamilika katika yote haya hawezi kusimama kwa mguu mmoja. Wanamazingaombwe wawili, Siegfried na Roy, walianza kwenye hoteli ya Mirage, Las Vegas, mwaka 1990 na kulijaza jumba hilo kwa miaka 13, hadi usiku wa tarehe 3 Oktoba 2003 simbamarara alipomjeruhi Roy. Onyesho likafungwa, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Kumbi za burudani mchanganyiko zilizowalea kina Houdini nazo zilimezwa na sinema, na mwaka 1932 ukumbi wa Palace wa New York, uliokuwa ndoto ya kila msanii, ukawa jumba la filamu. Mwanamazingaombwe Georges Méliès aliona mapema: aliununua ukumbi wa Robert-Houdin mwaka 1888, kisha akahamishia mazingaombwe yake kwenye kamera. Hata hivyo filamu zake zilinakiliwa Marekani bila malipo, kampuni yake ikaanguka, na katika miaka ya 1920 alikuwa akiuza vitu vya kuchezea watoto kwenye stesheni ya Montparnasse. Kuona soko jipya hakutoshi kama hujajua nani atamiliki unachokitengeneza. Ricky Jay alifanikiwa zaidi kwa kugawanya mapato: jukwaa, vitabu, uigizaji, na kampuni ya kuwashauri watengeneza filamu. Jim Steinmeyer amejulikana kwa kubuni michezo inayoonyeshwa na wengine. Janga la korona lilipofunga kumbi mwaka 2020, Helder Guimarães aliendesha onyesho kupitia mtandao na ukumbi wa Geffen wa Los Angeles, kila nyumba ikitumiwa kisanduku cha kufungua naye, na tiketi ziliisha. Kwa Afrika Mashariki njia hizo ni kufundisha, kubuni matukio ya maigizo na filamu, na vipindi vya watoto kwenye redio, televisheni na shule.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote: kwamba anayedai nguvu za kweli hulipwa kuliko anayekiri ni mchezo. Uri Geller alipata umaarufu wa dunia katika miaka ya 1970 kwa kupinda vijiko akidai ni nguvu za akili, na hakuwa maskini. Lakini madai hayo yana gharama. Mwaka 1973 kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson, vifaa vilipokuwa vimeandaliwa kwa ushauri wa mwanamazingaombwe James Randi, Geller alishindwa kufanya lolote mbele ya Marekani nzima. Mwanamazingaombwe wa kawaida angegeuza kushindwa kuwa kichekesho, kama Cooper. Huku kwetu gharama ni kubwa zaidi. Mwenye duka anayeamini chuma ulete hatacheka noti yake ikitoweka, na kundi la watu lenye hofu halina subira ya kusikiliza maelezo. Sheria ya Uchawi ya Tanzania, iliyotokana na sheria ya kikoloni ya mwaka 1928, inamtia hatiani hata anayejidai kwa maneno au matendo kwamba ana uwezo wa kichawi. Upande wa pili wako wacheza karata tatu wa vituo vya mabasi, wenye vidole vyepesi sawa na vya msanii yeyote, wanaokula nauli za wasafiri. Katikati ya mganga na tapeli kuna nafasi finyu ya msanii, na kinachomweka hapo ni tamko lake la wazi, lirudiwe kila onyesho, kwamba anachofanya ni ufundi. Tamko hilo halipunguzi mshangao. Linampa mwalimu mkuu, imamu na mchungaji sababu ya kumruhusu aingie, na milango hiyo ni mingi kuliko ya wanaotafuta nguvu.

Wengine watasema mifano ya Paris na Las Vegas haitufai kwa kuwa soko letu ni dogo. Udogo wa soko unaizidishia hoja nguvu. Penye mashabiki mamilioni msanii anaweza kuishi kwa wateja wa mara moja. Penye wachache anaishi kwa wanaorudi, na hakuna anayerudi kwa ajili ya siri aliyokwisha kuiona. Basi anayetaka kuifanya kazi hii atenge fedha za kifaa kijacho, azitumie kwanza kuandika onyesho lake, kulirekodi na kulisajili, kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) au kwenye mamlaka inayohusika nchini mwake, na kuandaa mkataba. Kifaa kitasubiri dukani.